Wageni wa Kulipa katika Nyumba ya Mawe ya Lamu

Sisi watu wa pwani tumezoea kwenda Lamu kwa jamaa. Mwenye shangazi Langoni au mkwe Mkomani haulizi habari ya kitanda. Hubeba kanga zake na zawadi ya wenyeji, yakamtosha. Asiye na jamaa huona kama mlango umefungwa, kwani habari anazozisikia ni za hoteli zinazohesabu bei kwa dola. Hivyo mji wa kale wa Waswahili, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, huenda ukajulikana zaidi na mtalii wa Ulaya kuliko na familia ya Likoni. Tulikwenda wanawake watatu na mabinti wawili, tukitaka kujua kama familia ya kipato cha kawaida yaweza kulala ndani ya nyumba ya mawe, ikala, ikaswali na kustirika, bila ya kukopa.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Basi la alfajiri kutoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu, likaishia Mokowe. Hapo abiria hushuka gatini na kuvuka kwa mashua. Hali ya usalama wa njia hiyo hubadilika, basi ni vyema kuuliza kabla ya kukata tikiti, na kusafiri mchana. Ukishashuka Lamu, mizigo huchukuliwa na punda au mkokoteni, na vichochoro vingine ni vyembamba hata watu wawili wakikutana na punda mmoja, watu ndio hurudi nyuma.

Nyumba tuliyoshukia iko Mkomani. Mwenyewe ni mama mjane anayeishi chini pamoja na wanawe, na vyumba vya juu ndivyo anavyopangisha. Mbele kuna daka lenye baraza mbili za mawe, ambapo wanaume huzungumza na wageni bila ya kulazimika kuwaingiza ndani. Ukivuka mlango wa nakshi unaingia tekani, kisha njia inapinda. Mlango uwe wazi mchana kutwa, apitaye njiani haoni ila ukuta. Qur'ani katika Suratun-Nur inatufunza kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu, na wajenzi wa Lamu waliyatia mafunzo hayo katika mawe na chokaa. Baada ya kipindo hicho ndipo unapokifikia kiwanda, ua ulio wazi kwa mbingu, ndipo misana, na nyuma kabisa ndani, chumba cha wenye nyumba, chenye ukuta wa zidaka zilizopangwa safu kwa safu.

Vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Mabinti walidhani ni umaskini wa nafasi, mpaka mwenyeji alipowaelekeza watazame juu: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi bila ya kupinda. Mti wa mkoko ndio uliopima upana wa chumba. Kuta nene za matumbawe huzuia joto la mchana, na katika birika la chooni huwekwa visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Mdogo wetu aliwapa samaki hao majina, akawa haogi mpaka awasalimu.

Hata habari ya kumpokea mgeni asiye jamaa si mpya hapa. Mfanyabiashara aliyekuja na majahazi ya kaskazi alilazimika kungoja kusi ndipo arudi kwao, na nyumba kubwa zilikuwa na sabule, chumba chenye njia yake, ambamo mgeni huyo aliweza kukaa miezi bila ya kuingiliana na wanawake wa nyumba.

Wajapani nao wana nyumba zao za wageni za jadi, ryokan, ambamo mgeni huvua viatu mlangoni na kulala juu ya godoro linalotandikwa sakafuni usiku na kukunjwa asubuhi. Wenye mfuko mwepesi huenda minshuku, ambako familia hupokea wageni ndani ya nyumba yao wenyewe. Watu hutoka mbali kwenda kuyaonja hayo. Sisi tuliolelewa juu ya mkeka, viatu vikiachwa mlangoni, hatukuwahi kudhani kwamba ni kitu cha kulipiwa.

Kwa atakayekwenda, kuna mambo ya kuuliza kabla ya kutoa amana. Je, choo ni chenu au ni cha kushirikiana? Katika orofa yenu watalala wageni wa kiume? Jiko laweza kutumiwa? Hili la jiko ndilo lililotuokoa: soko liko mbele ya ngome, samaki wa asubuhi ni wazima, na chakula tulichopika wenyewe kilitugharimu kidogo sana kuliko cha mikahawa ya ufukweni. Chumba cha juu hupata upepo zaidi. Bei ni ya kuzungumzwa kwa adabu, na miezi ya mvua ya masika hupunguka. Disemba hupanda, na katika Mfunguo Sita, watu wanapomiminika kwa Maulidi ya Riyadha, asiyeagiza mapema hapati hata mkeka. Kibla ni kaskazini. Maji ya mji hutoka katika michanga ya Shela na hayana wingi, basi tuyatumie kama mtu atumiaye cha mwenziwe.

Nyuma ya ndani mwa nyumba za kale kuna chumba kimoja kidogo kiitwacho nyumba ya kati. Hapo wanawake walijifungulia, na hapo maiti wa nyumba alioshwa. Mwenyeji wetu alituonyesha chake. Ameweka masanduku na vyombo vya harusi, wala hakipangishi. Lakini nyumba inapogeuzwa hoteli kamili, huenda vyumba hivi vya ndani vikageuzwa kuwa vya wageni, na alalaye humo asiambiwe ni mahali gani. Hatumlaumu mgeni kwa asilolijua. Twauliza tu ni nani atakayebaki kumwambia.

Maana nyumba hizi zinauzwa. Shela nyingi zimekwishanunuliwa na watu wa Ulaya, na Mkomani pia zimeuzwa. Sababu si tamaa peke yake. Chokaa ina gharama, boriti huliwa na mchwa, mafundi wa kazi hiyo si wengi, na mirathi ikigawanywa kwa warithi kumi, mmoja yuko Mombasa na mwingine Jidda, kuuza huonekana ndiyo njia nyepesi ya kila mtu kupata haki yake. Mama huyu na nduguze walikubaliana kutouza: yeye akae, apangishe juu, na kipatikanacho kitengeneze nyumba kwanza, kisha kigawanywe. Ni mapatano ya mdomo, na mabinti walipomuuliza itakuwaje baada yake, alinyamaza kidogo, kisha akawatuma wakalete vikombe.

Kulipa kulitutia haya sisi kuliko yeye. Tumefunzwa kwamba karamu ya mgeni ni siku tatu, na wahenga wetu huanza kumtayarishia jembe siku ya tatu hiyo hiyo. Sisi tulikaa nne, na jembe letu lilikuwa noti. Alizipokea kwa mikono miwili, akahesabu mausiku wala hakuhesabu mahamri na kahawa ya kila asubuhi. Tulipomkumbusha alisema, «Vyumba nimewapangisha. Kahawa mmekunywa kwangu.»

Kisha akatupeleka msanani akatuonyesha boriti moja iliyotobolewa na mchwa, akaigonga kwa kifundo cha kidole ili tusikie ilivyo tupu. Fundi, alisema, angekuja Jumamosi.