Wahunzi Wanne wa Ufaransa

Lille. Kwenye mlango wa jengo nilikofikia kuna safu ya kengele, na mbili kati yake zimeandikwa Lefebvre. Nilipolisoma jina kwa sauti, mwenyeji wangu alinisahihisha papo hapo: ile b haitamkwi. Basi inafanya nini pale? Jina lenyewe maana yake ni mhunzi, akanieleza, na makarani wa kale waliosoma Kilatini waliirudisha b ya neno faber. Zama zile u na v ziliandikwa kwa umbo moja, kwa hiyo wako walioisoma v kuwa u, likazaliwa jina jingine, Lefébure. Mhunzi yule yule, majina mawili, kwa sababu ya herufi moja.

Toka siku hiyo nikawa namtafuta mhunzi kila nilikofika.

Kusini, Nîmes, nilimkuta akiitwa Fabre, na pengine Faure. Hiki si Kifaransa cha Paris bali Kioksitani, lugha ya kusini.

Bretagne nilikaa zaidi. Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina mnara wa askari waliokufa katika vita vya 1914–1918, majina yao yamechongwa kwenye jiwe. Katika kijiji kimoja karibu na Quimper, herufi L ilijaza karibu nusu ya jiwe: Le Gall, yaani mgeni asiye Mbretoni, Le Bihan, mdogo, ambaye mjini Paris angeitwa Petit, na mhunzi wangu, Le Goff. Wenyewe kwa Kibretoni husema ar gov. Makarani waliigeuza ar kuwa le ya Kifaransa, neno la kazi wakaliacha katika lugha ya mama. Nilipitisha kidole kwenye jina hilo, nikahesabu wanne wa ukoo mmoja.

Strasbourg mnara hauna majina. Kuna mama aliyewapakata wanawe wawili wanaokufa, hawana hata sare, maana Alsace, jimbo lenye mji huu, ilikuwa ya Ujerumani tangu 1871 hadi 1918 na vijana wake wengi walipigana upande huo. Mhunzi nilimwona kwenye vibao vya maduka: Schmitt.

Majina haya yote yalianza kama lakabu, kama sisi tunavyomwita mtu Fundi au Mfupi. Tofauti ni kwamba kwetu lakabu huzikwa na mwenyewe, na jina la tatu ni la babu, kwa hiyo kila kizazi jina moja la juu linadondoka. Wafaransa waliifunga lakabu isibadilike. Mwaka 1539 Mfalme François I aliamuru mapadri waweke daftari za ubatizo, na tarehe 23 Agosti 1794 serikali ya Mapinduzi ikapiga marufuku kutumia jina lisilo kwenye hati ya kuzaliwa. Tangu Julai 2022 mtu mzima anaweza kuchukua jina la mama yake bila mlolongo mrefu, jambo ambalo mimi naliona la haki.

Lakini ukurasa ulionikaa moyoni ni wa Réunion, kisiwa cha Wafaransa katika bahari yetu. Watumwa wake wengi walitoka Bukini, Msumbiji na pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka. Utumwa ulipofutwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848, watu zaidi ya 60,000 walihitaji jina la ukoo. Maofisa na kalamu zao waliwagawia: huyu jina la mungu wa Roma ya kale, yule herufi zilizochanganywa tu. Mhunzi wa Quimper aliitwa hivyo na majirani waliomwona akifua chuma. Hawa waliitwa na watu wasiowajua.

Vizazi vyao bado vinayabeba majina hayo. Yale ambayo mababu zao walipewa na mama zao pwani, kwa wengi wao, hayamo katika daftari lolote.