Binti Yangu na Roketi

Wazazi wenzangu, leo nataka kuwasimulia kosa langu.

Mwaka jana binti yangu, asomaye uhandisi chuo kikuu, alikuja likizo hapa Kasulu. Akaniomba fedha za vifaa, kwa kuwa yeye na wenzake wataka kuunda roketi. Nikamkatalia. “Tuliuza maharage na mbuzi upate kusoma,” nilimwambia, “si uchezee moto.”

Hakubisha. Alinieleza kwamba roketi ni bomba lenye fueli ndani. Fueli ikiwaka, moshi hutoka chini kwa nguvu, nalo bomba husukumwa juu. Akasema huko Juja, Kenya, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta wana mradi wa roketi, wameuita Nakuja. Tena Marekani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California walishindwa mara nyingi. Roketi yao ya mwaka 2018 ilipaa vizuri, lakini chombo cha kupima kimo hakikuwashwa sawasawa. Hata leo haijulikani ilifika wapi. Hawakuacha. Tarehe 21 Aprili 2019 nyingine ikafika kilomita 103, na mwaka 2024 nyingine tena kilomita 143.

“Na wale walioanza?” nikamwuliza.

“Walikwisha maliza masomo, baba. Wadogo wao ndio waliopokea kazi.”

Bado sikutoa kitu.

Juma lile nikaenda Kibondo kwa shemeji yangu, mfuga nyuki. Nikamkuta akishusha mzinga mtupu. Mwaka mzima nyuki hawakuingia. Nilidhani ataupasua kuni. La, aliusafisha, akaupaka nta, akautundika mti mwingine. “Baba yangu alitundika mingi mitupu,” akasema, “ndipo mimi nikajua miti ipi nyuki huipenda.”

Niliporudi nyumbani nikampa binti yangu fedha, kwa masharti mawili: mwalimu wao awepo kila wawashapo moto, na kila jambo liandikwe daftarini, hata likiharibika.

Roketi yao haijaruka bado. Lakini likizo hii amekuja na daftari, limejaa nusu, nami nalisoma polepole.

Basi, ndugu msomaji, mtoto akikuletea jambo usilolijua, usimkemee kwanza. Mwulize, “Hufanywaje?” Kisha ukae umsikilize.