Boksi la Sabufa na Gunia la Mihogo

Ukisimama Makutano kwa nusu saa tu, utajua ni Noah gani inakuja kabla hujaiona. Kuna zinazotanguliwa na honi, kuna zinazotanguliwa na konda anayeita "Butiama, Butiama, bado mmoja!", na kuna zinazotanguliwa na besi. Vijana wanasubiri hizi za mwisho. Mtu anaacha gari lenye siti tupu, anabanana kwenye lililojaa, kisa mdundo.

Kaka yangu anaendesha Noah ya mkataba kati ya Butiama na Musoma. Wanaojua mkataba wanajua: kila wiki unapeleka hesabu kwa tajiri, na siku zikitimia gari linakuwa lako. Kwake ilikuwa imebaki miezi saba. Nauli yangu ya kurudi chuo inatoka kwenye gari hilo, na boom likichelewa, yeye ndiye boom. Kwa hiyo likizo iliyopita aliponiambia, "Injinia, nataka kufunga sabufa, nitengeneze boksi gani?", kwangu halikuwa swali la muziki peke yake.

Wengi wetu tukisikia sabufa tunauliza inchi ngapi, wati ngapi. Boksi tunamwachia seremala. Lakini sabufa isiyo na boksi ni kama haipo. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Mawimbi hayo mawili yakikutana yanafutana, na besi inapotea. Boksi linayatenganisha. Wapiga litungu wa huku Mara nao watakwambia kwamba nyuzi peke yake hazimfikii hata jirani. Kasha lililowambwa ngozi ndilo linalozipa sauti. Kasha la litungu na boksi la sabufa havifanyi kazi kwa njia moja, ila vyote viwili vinamwambia mnunuzi asitazame kinachotetemeka tu.

Boksi la kwanza ni lililozibwa kila upande. Hewa iliyofungiwa ndani inakuwa springi: koni ikitoka, inairudisha. Mmarekani Edgar Villchur alitumia wazo hilo kwenye spika za AR-1 mwaka 1954, na watu wakaona kwamba boksi dogo linaweza kutoa besi ya maana. Mdundo wake ni mkavu, unaanza na kukata hapo hapo. Kwa singeli, ambayo ngoma zinafukuzana, hili ndilo lenyewe.

La pili lina bomba. Puliza mdomo wa chupa ya soda uone: inatoa mlio mmoja. Bomba linafanya kazi hiyo hiyo, linaipa nguvu besi iliyo karibu na mlio wake, tuseme mitetemo 35 kwa sekunde. Mwaustralia Neville Thiele alichapisha hesabu zake mwaka 1961, na mafundi wa dunia nzima wanazitumia mpaka leo. Likipangwa vizuri linaweza kukuongezea kama desibeli 3 hapo, sawa na kuwa na amplifaya ya wati mara mbili bila kuinunua. Amapiano linalipenda. Ila muziki ukishuka chini ya mlio huo, hewa haiizuii tena koni. Inaruka bila breki na inaweza kuharibika, labda amplifaya iwe na kichujio cha kukata sauti hizo za chini kabisa.

Kuna na suala la gari lenyewe. Gari dogo lililofungwa vioo linaisaidia besi bure, kwa sababu wimbi la mitetemo 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, na halienei ndani. Badala ya kusafiri, linapandisha na kushusha presha ya gari zima. Ndiyo maana ushauri mwingi wa nje unasema boksi lililozibwa linatosha. Lakini nani anafunga vioo saa nane mchana, watu wamebanana? Kioo kikifunguliwa, sehemu kubwa ya msaada huo inatoka nacho.

Kwa hoja hiyo fundi wa Musoma alishikilia bomba. Alikuwa na neno ambalo sikuwa na jibu lake: "Abiria hachagui gari akiwa ndani, anachagua akiwa stendi."

Nikamwandikia kaka vipimo kwenye karatasi. Inchi 12 yenye bomba, lita 50 na kitu. Inchi 12 iliyozibwa, lita 30 hivi. Inchi 10 iliyozibwa, lita 20. Aliisoma muda mrefu, halafu akaenda nyuma ya gari, akafungua buti, akaweka mikono kupima.

"Gunia la mihogo litakaa wapi?"

Abiria wake wa alfajiri ni akina mama wanaowahi sokoni Musoma. Wanakwenda na mihogo na ndizi, wanarudi na dagaa. Gunia linalipa nauli yake, na halijali mdundo. Vijana wa jioni wanapenda besi, lakini bila nauli za alfajiri hesabu ya wiki haitimii.

Akachagua inchi 10, lita 20, boksi lililozibwa, kwenye kona nyuma ya siti ya mwisho. Fundi alicheka. Hata sasa wapo vijana wanaoiacha Noah ya kaka na kusubiri yenye bomba. Nimewaona kwa macho yangu. Ila gunia linaingia, na mama mwenye mtoto mgongoni haombi muziki upunguzwe.

Kama nawe unataka kufunga, anza na aliyekaa ndani na mzigo anaobeba, ndipo uje kwenye wati. Kisha pima kwa ndani: urefu mara upana mara kina kwa sentimita, gawa kwa 1,000, unapata lita. Letu ni 40 kwa 25 kwa 20. Ubao wa milimita 18 unaongeza sentimita 3.6 kwenye kila kipimo kwa nje, kwa hiyo mwambie seremala wazi kwamba vipimo ni vya ndani. Na kabla hajakata, weka boksi la karatasi la ukubwa huo kwenye buti, halafu pakia mizigo ya siku nzima.