Salamu kwa Mtangazaji

Vita vya Kagera viliponitoa Wawi mwaka 1978, ndani ya shanta nilitia redio ndogo ya betri. Usiku, handakini, tuliipunguza sauti, masikio yakigusana, tukamsikiliza mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Alitusomea salamu na mashairi. Mizani haikumponyoka, na vina alivitua taratibu, kama atuaye mtungi. Wenzangu wa bara wakiniuliza kusi ni nini, kaskazi ni nini, nami, mchuma karafuu, nikawa mwalimu wa lugha vitani! Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Tuliporejea tulipokewa kwa vigelegele. Yeye, nadhani, hakupigiwa hata kimoja. Sura yake sikupata kuiona. Shairi la kumshukuru ningali nalitunga: beti tatu zimetimia, kituo kinanishinda.