Tundu Moja Ukutani

Waliozoea kunisoma nikihangaika na bajeti na katiba wanivumilie leo, maana nitaandika juu ya samani ya paka. Najua namna jambo hili linavyosikika katika mji ambao watu wanalala wanne chumba kimoja. Fundi seremala niliyemwita alilisema wazi kabla sijalisema mimi: "Mwalimu, paka wako ana ghorofa, mimi nakalia kreti la soda." Nilicheka naye, lakini sikuwa na jibu, na bado sina.

Mnara huo niliachiwa na mwenzangu wa kazini aliyehama. Ulikuwa na urefu wa mita moja na nusu, umezungushiwa kamba ya katani, na kitako chake kilikuwa kipande cha mbao ya unga ulioshindiliwa, sentimita 40 kila upande. Tangu siku ya kwanza ulikuwa ukiyumba kila Karani alipoupanda. (Paka wetu anaitwa Karani kwa sababu hukalia kila karatasi inayosubiri kusainiwa.) Nilikaza skrubu, nikaweka karatasi iliyokunjwa chini ya pembe moja, nikaahirisha mengine, kama tunavyoahirisha mambo yote ambayo bado hayajaanguka.

Ulianguka saa nane usiku. Binti wa mdogo wangu, mwenye miaka minne, alikuwa amekuja kututembelea na amelala sebuleni kwenye godoro. Karani aliruka kutoka kileleni, mnara ukaenda upande wa pili, na ubao wa juu ukagonga sakafu kiasi cha shibiri moja kutoka kichwa cha mtoto. Hata hakuamka. Mimi sikulala tena.

Asubuhi nilitafuta karatasi ya maelekezo, ambayo sikuwa nimewahi kuisoma. Iliagiza jambo moja kwa herufi nene: mnara ufungwe ukutani kwa mkanda na skrubu. Kisha nikachukua mkataba wangu wa pango, ambao nao, naungama, nilikuwa nimeusaini bila kuusoma vizuri, dalali akiwa amesimama mlangoni na kodi ya miezi sita ikiwa mkononi. Kifungu cha tisa kinasema mpangaji haruhusiwi kupigilia msumari wala kutoboa ukuta kwa sababu yoyote ile. Nilimpigia simu mwenye nyumba nikamweleza habari ya mtoto. Alinipa pole kwa moyo wote, kisha akasema, "Lakini Mwalimu, ukuta wangu si ubao wa matangazo."

Simlaumu kwa wepesi. Amewahi kukabidhiwa nyumba yenye matundu kama chujio na mpangaji aliyeondoka usiku. Hata hivyo, tundu la skrubu huzibwa kwa plasta kidogo na rangi.

Mwaka 2015, katika jiji la Perth nchini Australia, mtoto wa miezi 21 alifariki baada ya kabati la droo kumwangukia katika nyumba ya kupanga. Mama yake alikuwa ameomba ruhusa ya kulifunga ukutani, akanyimwa. Mwaka 2019 jimbo la Australia Magharibi lilibadilisha sheria yake: mpangaji akiomba kufunga samani ukutani kwa usalama wa mtoto, mwenye nyumba hawezi kumkatalia isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na mpangaji anapohama huurudisha ukuta katika hali yake. Hakuna aliyenyang'anywa nyumba kwa sheria hiyo. Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mambo madogo kama haya kwa sehemu kubwa huamuliwa na mkataba, yaani na yule aliyeuandika. Tunapojadili upangaji tunajadili kodi, na ni haki, kwa sababu kodi inauma. Swali la nani ana mamlaka juu ya sentimita tano za ukuta halijapata mtu wa kulisimamia.

Basi ilibidi mnara ujitegemee. Fundi alinieleza kwa mikono: kitu husimama maadamu uzito wake unaangukia ndani ya kitako chake, na paka anaporuka huusukuma mnara kwa nguvu kinyume na anakokwenda. Kwa hiyo tulipunguza kimo, tukapanua chini, tukashusha uzito. Tulikata nguzo hadi mita moja na sentimita kumi. Chini tuliweka plaiwudi ya milimita 18, sentimita 70 kila upande, ikashikwa kwa bolti zenye washa na nati badala ya skrubu, kwa kuwa mbao ya unga hulegea kila skrubu inapokazwa upya. Juu ya plaiwudi tulijenga kisanduku, tukaweka ndani mfuko wa mchanga wa kilo 20. Marumaru za sebuleni hazilingani, kwa hiyo kila pembe ilipata kipande cha mpira wa tairi, kimoja kinene kuliko vingine. Mwisho tuliusogeza mnara pembeni, zinapokutana kuta mbili, uziguse bila kuzitoboa, mbali na dirisha, kwani tupo ghorofa ya tatu na wavu wa mbu hauwezi kumzuia paka.

Niliusukuma kileleni kwa mkono, kisha kwa bega. Haukuinuka. Karani aliususa kwa siku tatu, kisha akajinyoosha kwenye katani na kupanda. Kila mwisho wa mwezi nakagua nati. Lakini kabati la nguo, refu kuliko mimi, bado limesimama bila kufungwa popote, na siwezi kulikata miguu. Mtoto akija tunamlaza chumba kisicho na kabati.

Mkataba unaisha Juni. Nimeandika kifungu cha nyongeza, mistari minne: samani ndefu zifungwe ukutani, matundu nitayaziba kwa gharama yangu. Mwenye nyumba amesema atakisoma.