Je, Akili Yatosha Kuthibitisha ya Kuwa Mungu Hasemi Uongo?

Katika mwaka 1641 Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, alitoa kitabu akitaka kuthibitisha kwa akili peke yake ya kuwa Mungu hadanganyi. Alisema kudanganya hutokana na ubaya au udhaifu. Mungu ni mkamilifu. Basi hawezi kudanganya, na akili aliyowapa watu yaaminika. Mwaka ule ule Arnauld, mwanachuoni wa dini, alimwuliza: Ikiwa akili huaminika kwa sababu Mungu hadanganyi, itawezaje kwanza kumthibitisha Mungu? Mwenye duka hawezi kuihakikisha mizani yake kwa mizani hiyo hiyo. Akili yaweza kuonyesha ya kuwa uongo haupatani na ukamilifu. Lakini kabla ya hoja yo yote, mtu hana budi kuanza kwa kuamini.