Mto Umejaa: Shajara ya Sagana

Jumapili, 21 Aprili 2024

Jiwe la kushukia mtoni halionekani. Jana jioni lilibaki mgongo, leo hata mgongo hakuna. Maji mekundu mazito, udongo wa Murang'a huo unakwenda zake. Na hapa hata tone halijaanguka tangu juzi! Mvua ni ya Aberdare. Inanyesha huko alasiri, sisi tunaletewa usiku tukiwa tumelala, ukiamka mto si ule uliouacha.

Nimechomeka kijiti ukingoni, nikakifunga uzi. Kesho nitajua.

Mikono inawasha kushika kasia, sitaki kudanganya. Mawimbi ya katikati yamejengeka makubwa, hayana povu, yananiita kabisa. Ukisimama juu ya ukingo unaona raha tupu, mawe yote yamefunikwa. Lakini lile shimo la mkono wa kushoto limepanuka karibu ukingo kwa ukingo. Kulikuwa na gogo mle ndani. Linazama, linaibuka, maji yanalirudisha nyuma, linazama tena. Nimemaliza chai yangu lingali mle.

Jumatano, 24 Aprili

Kijiti kimekwenda, na uzi wake.

Kiongozi wa kundi tunalotakiwa kulishusha na rafti Jumamosi amepiga simu. Basi limeshakodiwa. "Dada, si mna jaketi? Si mna helmeti? Sisi tunayataka hayo maji makubwa." Nikamwambia jaketi itakuelesha, haitakutoa mtini. Kimya. Hakunielewa, na simlaumu. Mtu akitajiwa hatari ya mto anafikiria kuzama. Mimi nafikiria miti. Mto ukipanda huingia vichakani, maji yanapenya kati ya matawi, mtu hapenyi. Anabanwa pale, mto wote uko mgongoni.

Halafu pa kupumzikia hakuna. Siku nyingine nyuma ya kila jiwe pana maji tulivu, unajibanza, unavuta pumzi, unawangoja wenzako. Sasa pote panakwenda. Rafti ikipinduka pale juu, watu wataelea mpaka wapi? Nami na kayaki yangu nimkimbilie nani, nimwache nani?

Kaka yangu, ninayefanya naye kazi hii, anasema tutaamua Ijumaa. Sawa. Mimi nimeshaamua.

Huko Nairobi, Mathare, usiku wa kuamkia leo nyumba zimesombwa. Dada amenipigia, amelala ghorofani kwa jirani. Alhamdulillahi, asante Mungu, yote mawili.

Ijumaa, 26 Aprili

Tumeahirisha. Kaka aliteremka mwenyewe mtoni alfajiri, akarudi hasemi, akachukua simu. Usiku mawe yalikuwa yanagongana chini ya maji. Nilitoka nje kusikiliza: du, du, kama milango ya mbali. Mawe makubwa hayo, yanasukumwa chini huko.

Jamaa wa lile kundi amekasirika, anataka hela zake zote. Arudishiwe. Usiku wa leo nitalala.

Jumatatu, 29 Aprili

Mai Mahiu. Maji yamewasomba watu alfajiri, vitandani mwao. Redio imewashwa tangu asubuhi, hakuna anayetaka kuizima wala kuisikiliza.

Na jana, huko Kona Punda, boti imepinduka. Ni Tana, mto huu huu wetu. Msalaba Mwekundu wamewaokoa 23. Wengine wanatafutwa.

Haya maji yalipita hapa. Najua ni kujitesa lakini nayafuata kichwani: yametoka hapa mlangoni, yameingia bwawa la Masinga, Masinga imejaa, yamemwagikia Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, yameshuka mpaka Garissa. Sisi tumesema hatuingii, tumerudisha hela, basi, tumeketi jikoni. Wale wa boti, barabara yao imekatika. Upande wa pili kuna soko, kuna hospitali, kuna mama wa mtu. Watasema hawavuki?

Sikula.

Ijumaa, 3 Mei

Shule hazifunguliwi, serikali imesema mpaka itakapotangazwa. Watoto wamejaa njiani.

Nimetoa kamba zote za kuokolea kwenye mifuko, nimezianika, nimezikagua kiganja kwa kiganja. Moja imechanika uzi wa nje, nimeikata, itafungia kuni. Halafu nikaanza kurusha pale uani, ndoo ikiwa ndiyo mtu. Vijana wa mchanga, wale wanaouchota mtoni, wakasimama kutazama. Mto umewafukuza, hawana kazi wiki nzima. Wanaogelea vizuri sana hawa, na ndiyo maana nawaogopea: mwenzao akichukuliwa, watajitosa wote.

Nikawaita, nikawafundisha. Kwanza ita: "Kamba!" Mpaka aliye majini akuangalie. Shika ncha yako, tupa mfuko umpite kichwani, kamba imwangukie kifuani. Yeye ashike kamba, asishike mfuko, mfuko bado unamwagika. Aipitishe begani, ageuke chali, uso uwe juu. Asijizungushie mkononi hata kidogo! Na wewe usisimame wima kama mti, utavutwa. Keti, kanyaga jiwe, acha mto umlete ukingoni wenyewe.

Yule mdogo wao, mwembamba, akaipiga ndoo mara ya kwanza. Akairudia. Wenzake kelele. Shosho akatoka kuona nani amevamiwa.

Nimefurahi leo. Nilikuwa nimesahau.

Jumatatu, 13 Mei

Watoto wameenda shule. Jiwe la kushukia limetoa kichwa.

Tumetembea ukingoni mpaka kule chini, mimi na kaka. Matope kwenye mashina yanapita kichwa changu. Mto umejipanga upya: mteremko wa pili una jiwe ambalo halikuwapo, na kwenye njia yetu ya kulia, ile tunayopitisha wageni, umelala mkuyu mzima, mizizi juu. Maji yanapita chini yake kimya kabisa. Ukija na rafti huuoni mpaka umeufikia.

Msumeno, kamba, watu wanne, na maji yashuke zaidi. Hakuna haraka.

Jumamosi, 8 Juni

Tumeshuka!

Maji ya kijani, baridi ya mlima, mawe yako mahali pake, na nyuma ya kila jiwe pa kujibanzia. Mkuyu umeondoka, tuliukata juzi vipande vipande. Bado nilitangulia na kayaki peke yangu, nikaangalia, nikasimamisha kasia juu: njooni. Kaka akawaleta.

Wanafunzi wa chuo, waoga, wanacheka kupita kiasi. Asubuhi niliwarudishia lile neno mpaka wakachoka nalo: ukianguka usisimame. Hata kama maji yanakufika gotini. Mguu ukinasa kati ya mawe, mto utakuinamisha na hutainuka. Lala chali, vidole vya miguu vionekane, miguu ielekee chini mto unakokwenda.

Mteremko wa tatu msichana mmoja akatoka kwenye rafti. Nikamwona anazama, anaibuka, uso umejaa nywele, halafu vidole, vyote kumi, juu ya maji. Kaka: "Kamba!" Akageuka, akaidaka, begani, chali, akaja ukingoni kwa pembe nzuri kabisa kana kwamba amezaliwa humu. Akagonga helmeti kwa mkono: niko salama. Nikapiga mayowe, siwezi kueleza.

Hii ndiyo kazi. Hii, na ile ya kukaa jikoni Aprili.

Vijana wa mchanga walikuwa darajani wanatutazama, wakaniuliza lini tena. Nimewaambia Jumanne saa kumi jioni, wasije na ndoo. Safari hii watarushia mtu aliye majini, na mtu huyo ni mimi.